Nilipoulizwa Mkoba Ule ni wa Nani

Mwanangu Verdiana,

Watu wakianza barua husema wao hawajambo, wasiwasi uko kwa yule wanayemwandikia. Mimi leo siwezi kuanza hivyo. Sijambo nusunusu, na wasiwasi ninao kwako na kwangu pia, umenikaa kifuani tangu Jumapili Prosper alipokuja kunywa chai yetu. Umekwenda kumuaga shangazi yako huko juu, na kwa jinsi nyinyi wawili mnavyopenda maneno, najua hutarudi kabla jua halijazama. Basi nimepata nafasi. Nimekaa kwenye kibanda cha ngozi, nimefuta meza, nimechana karatasi za katikati za daftari lako la zamani la jiografia. Usinune, hukuwa unalisoma.

Habari za kufunga mlango, kwenda misa, kutokula vya barabarani, hizo sizigusi. Shangazi yako atakuwa amekwisha kukuambia mara tatu hadi sasa, na kesho asubuhi atateremka kukuambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Ni baya, na ni langu. Likikufikia kwa mdomo wa Prosper litakuwa fimbo ya kukuchapia maisha yako yote. Nataka likufikie kwa mkono wangu kwanza.

Unajua kazi hii niliirithi kwa babu yako, lakini hujui jinsi ilivyokuwa polepole. Ngozi moja ya mbuzi ilikula karibu miezi miwili. Unaiwamba juani kwa vijiti, unaikwangua, unailowesha kwenye maji ya magome ya miwati, unaitoa, unairudisha, kisha unaikanda kwa mafuta hadi mikono iume. Miiba ya nungunungu tuliinunua kwa wawindaji wa kule msituni, tukaikata vipingili vidogo, cheusi na cheupe, tukavitunga kwa uzi wa mgomba na kuvishonea usoni mwa mkoba. Uzi huo ulikuwa kazi ya mama yako. Alikuwa akisokota uzi wa mgomba mpaka unashindwa kuukata kwa meno. Mkoba mmoja ulimfaa mzee wa kuweka tumbaku yake mpaka anakufa, halafu mwanawe akaurithi. Kwa hiyo tulikuwa maskini. Mtu anayetengeneza kitu kisichoharibika hana wateja wengi.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ulikuwa mdogo lakini nguo za mitumba zilipoanza kujaa sokoni utazikumbuka, maana ulilia siku nzima kutaka lile koti jekundu. Ruhusa za biashara zikawa rahisi, kila mwenye gari akawa mfanyabiashara. Kahawa nayo, badala ya kwenda kwenye chama cha ushirika peke yake, ikaanza kununuliwa na watu binafsi, bei ikapanda kidogo, ikaanguka vibaya, na majirani wakaanza kung'oa mibuni iliyopandwa na baba zao. Nami niling'oa. Nilijisikia kama ninaiba kwenye kihamba changu mwenyewe, shamba la baba zangu, lakini niling'oa.

Ndipo Prosper akapanda hapa Kibosho na pikapu yake kutoka Njoro, kijana wa suruali ya kupigwa pasi, akaniamkia kwa heshima zote. Alikuwa ameuona mkoba wangu kiunoni kwa mpagazi mmoja, na wazungu wanaopanda mlima walikuwa wameugombania. Akataka mikoba arobaini kwa mwezi. Nilicheka. Nikamwambia hata mbuzi wa Kibosho wote wakijitolea, ngozi haziivi kwa kasi hiyo.

"Mzee wangu," akasema, "siku hizi hakuna kusubiri magome. Kuna dawa. Ngozi inaiva siku nne."

Akaleta mapipa mawili na gunia la unga wa kijani. Nikauliza kama una madhara. Akasema, "Ulaya wanatumia hiyo hiyo, kwani wamekufa?" Nikaona ni jibu. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza, na sikuuona kuwa ujinga kwa sababu ulikuja na mabati mapya juu ya nyumba yetu na sare zako za shule.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoacha kuwa mjinga nikawa kitu kibaya zaidi.

Pipa likitumika maji yake lazima yamwagwe mahali. Mwanzoni nilichimba shimo nyuma ya migomba. Baada ya wiki chache migomba iliyo karibu na shimo ikageuka manjano, ikaanguka. Mvua ikanyesha, shimo likajaa. Ilibaki mfongo, mfereji unaotunywesha sote. Unajua sheria ya mfongo wetu, kila mtoto wa hapa anaijua kabla ya Baba Yetu: huoshi ngozi, humwagi damu wala sabuni, mpaka maji yamepita nyumba ya mwisho. Ukishikwa unatoa mbuzi na pipa la mbege, wazee wanakula, wanakunywa, wanakusema mpaka masikio yanawaka, yanaisha. Tena kila nyumba ina siku yake ya kufungulia maji yaingie shambani. Yetu ilikuwa Jumanne. Ya Mama Kalisti, aliye chini yetu, ilikuwa Jumatano.

Mimi pipa nililimwaga Jumatano.

Nataka uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu miaka minane nimekuwa nikijidanganya kwamba sikujua. Mtu asiyejua anamwaga siku yoyote. Mimi niliilinda migomba yangu. Nilingoja Jumanne ipite, shamba langu limekunywa maji safi na mlango wa maji nimeuziba kwa udongo na mabua, ndipo asubuhi ya Jumatano nikainamisha pipa, maji ya kijani yakapita mbele ya kihamba changu yakaelekea kwa yule mjane. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Na asubuhi hizo hizo wewe ulikuwa ukipita kwake ukienda shule, anakupa ndizi mbivu kwenye jani.

Kitu cha kwanza kilichotoweka ni vyura. Mama yako ndiye aliyeona. Alisimama pale kwenye kivuko akasema, "Huku kwetu juu wanalia, chini wamenyamaza." Nikamjibu kuwa vyura wana majira yao.

Baadaye magimbi ya Mama Kalisti yakaoza shinani. Ng'ombe wake akatupa mimba. Nyumba ya chini yake wakafa mbuzi wawili kwa siku moja, halafu mtoto wa nyumba hiyo akatoka vidonda miguuni, maana alikuwa akicheza mfongoni. Watu wakaanza kufuatilia maji kutoka chini kwenda juu, wakafika kwa Mama Kalisti, wakaishia hapo. Juu yake nilikuwa mimi, na shamba langu lilikuwa kijani kibichi, migomba imenawiri. Nani angenishuku? Yeye alikuwa mjane, mwanawe Kalisti alikuwa amekwenda kuchimba madini Mererani na haonekani, na alikuwa na ulimi mkali. Wakasema ameweka kitu kwenye maji kwa wivu.

Vijana wakaingia nyumbani mwake kupekua. Wakatoka na mkoba wa ngozi, mkuukuu, mweusi kwa moshi, uliokuwa umening'inia juu ya meko. Ndani mlikuwa na unga uliooza, wa kijani kwa ukungu. Wakaupeleka kwenye banio la maji, wazee wa mfongo wote wamekusanyika, wanawake wamesimama ng'ambo. Nilikuwepo. Meku Deodati, mkuu wa mfongo, akauinua kwa kijiti kama mtu anayeinua nyoka, akaniita.

"Baba Verdiana, wewe ndiye fundi wa ngozi wa huku kote. Tuambie. Mkoba huu ni wa kazi gani, na nani ameutengeneza?"

Mwanangu, niliutengeneza mimi. Nilikuwa sijaoa. Ilikuwa kazi yangu ya tano au ya sita, na mstari wa tatu wa miiba niliugeuza kwa bahati mbaya, vyeusi vikakaa mahali pa vyeupe, babu yako akanicheka wiki nzima. Nilimpa mume wa Mama Kalisti alipokuwa hai, awekee tumbaku. Mkanda wake ulipokatika miaka ya baadaye, aliurudisha, na mama yako akausokota upya. Ule unga ulikuwa tumbaku ya marehemu, ambayo mkewe hakuwa na moyo wa kuitupa. Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kusema, na mtu mmoja tu pale ndiye angeweza kuyasema akaaminika kwa neno la ufundi wake.

Lakini ningesema mkoba ni wa tumbaku, swali lingebaki pale pale: maji yameharibiwa na nini? Wangepanda hatua hamsini zaidi wakakuta mapipa. Nikaona mapipa yakiondoka, pikapu ya Prosper ikigeuza, mabati, sare zako, vyote. Nikasema, "Siujui."

Mama Kalisti alikuwa ameketi chini, mikono mapajani. Akaniambia bila kupaza sauti, "Baba Verdiana, utazame vizuri."

Nikautazama. Nikauona mstari wa tatu.

"Siujui," nikasema. "Si kazi ya hapa."

Jioni hiyo hiyo waliezua paa lake. Kesho yake akateremka na kifurushi kimoja kwenda Mabogini kwa dada yake, na mpaka leo analima vibarua kwenye majaruba ya mpunga ya watu, maji magotini, mwanamke wa umri ule. Wewe ulikuwa darasa la nne. Ulikuja kuniuliza nani atakupa ndizi sasa, nikakufokea. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana ndilo dogo kuliko yote.

Mama yako alikuwa amesimama na wale wanawake ng'ambo. Alinyamaza. Angesema, angenifanya mwongo mbele ya wazee na mbele ya ukoo mzima, na hakunifanyia hivyo. Tulipofika nyumbani akasema maneno haya tu: "Mkanda ule niliusokota mimi. Na wewe uliujua." Alikaa mwezi mzima ananipakulia chakula bila kunitazama. Nilikasirika, eti ananionea. Siku hizi namshukuru kwamba alibaki.

Sasa nakuja kwenye lililonishikisha kalamu.

Baada ya kisa kile niliogopa, nikamwambia Prosper aondoe mapipa. Akayapeleka Njoro, nyuma ya stoo yake. Akawa anatuletea ngozi zikiwa tayari, na miiba ikiwa imekatwa na kung'arishwa kwenye maji yale yale ya dawa, weupe wake unametameta kuliko wa asili. Mama yako alikuwa na mtindo wake, nawe umeurithi, wa kushika vipingili vitano sita midomoni wakati anatunga, ili mikono yote miwili ishike uzi. Bibi yako alifanya hivyo. Na mama wa bibi yako. Wakati ule miiba ilikuwa ya nungunungu tu, hakuna kitu kingine juu yake.

Vidonda vya mdomo vilimwanza msimu wa masika. Akaniuliza ni nini, nikamwambia ni ukosefu wa matunda. Vikahamia kooni, akawa hamezi hata mtori. Hospitali walisema hivi, wakaja wakasema vile, na mwisho wakasema tumrudishe nyumbani, na ndiko tulikomzika. Mimi sina cheti kinachosema ni dawa ile, Verdiana. Sina mtu wa kunithibitishia. Lakini nina mikono hii. Umeniuliza mara ngapi kuhusu kucha zangu, nami nakujibu ni uzee? Kucha za kidole cha shahada na cha kati ziliondoka zenyewe mwaka wa pili wa pipa, na kidonda kilicho kwenye kifundo hakijawahi kufunga. Mikono yangu ilinionya, nikaivalisha soksi. Midomo ya mama yako sikuionya.

Na mwezi uliopita niliingia hapa kibandani nikakukuta umeinama kwenye dirisha, unatunga, vipingili vyeupe vimejipanga midomoni mwako. Ulikuwa unaimba kwa puani. Nikasimama mlangoni, nikataka kusema. Nikakuuliza kama maharage yameiva.

Prosper alipokuja Jumapili wewe ulikuwa jikoni. Alisifu chai. Akasema banda lake jipya la Njoro limekamilika, wasichana kumi na wawili wa kutunga na vijana wa mapipa, na anamtaka msimamizi. "Namtaka Verdiana," akasema, "kwa sababu anaijua kazi, awafundishe wenzake namna mama yake alivyofanya. Na kwa sababu ametoka kwa mtu anayejua kufunga mdomo."

Nikamwambia sijakuamulia bado. Nilitaka uende chuo cha ualimu, unajua.

Akacheka, akaweka kikombe chini polepole. "Mzee, mimi ile siri ya mfongo nimekutunzia vizuri. Sijawahi kumwambia mtu. Hata binti yako sijamwambia. Si unaona tunavyotunziana?" Akanywa mkupuo wa mwisho, akakuita, akakuambia habari ya kazi mbele yangu, akanitazama nitasemaje. Nikasema, "Ni jambo jema." Wewe ukafurahi, ukasema utakwenda ili nami nipumzike na kibanda. Uliponishika bega ukisema hivyo nilitamani ardhi ipasuke.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu ninaulizwa jambo ninalolijua nikajifanya silijui. Mara ya kwanza alilipa Mama Kalisti. Ya pili alilipa mama yako. Nimekaa tangu Jumapili nikikutazama unafua nguo zako na kuzikunja, na nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nililojifunza ni dogo, na limenigharimu sana, kwa hiyo nakupa bila maneno mengi. Uoga haukuja kwangu ukiwa uoga. Ulikuja ukiwa na sura ya baba mwema anayewatafutia watoto wake sare. Mpaka leo unanijia kwa sura hiyo, na kila mara nausalimia vizuri na kuukaribisha kiti. Ukiona siku moja unafanya ubaya huku unajisikia mlezi mzuri, simama hapo hapo.

Leo asubuhi, kabla hujaamka, nilikwenda kwa Meku Deodati. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mapipa, Jumatano, mkoba, mstari wa tatu. Aliinuka, akaingia ndani, nikasikia anatia komeo, na kumeshakucha. Nilipokuwa narudi niliona wajukuu wake wanatumwa mbio, mmoja juu, mmoja chini. Watu wawili nimepishana nao njiani, sikuitikiwa salamu. Usishangae ukikuta maji yetu yamefungwa ukirudi jioni. Na unakumbuka walivyofanya kwa paa la yule mama kwa kosa ambalo si lake. La kwangu ni langu kweli. Ndiyo maana nataka kesho uwe umeondoka hapa, kwenda popote, hata kwa shangazi yako tu.

Kesho mapema nitashuka Mabogini kwa Mama Kalisti. Juzi nilikata isale. Unajua kwetu jani hilo likifungwa fundo na kufikishwa mlangoni, aliyekosewa hana njia, lazima asamehe, na akikataa lawama yote inamhamia yeye. Nililifunga vizuri, nikaliweka kwenye maji lisinyauke. Leo mchana nimelitazama nikaona ninachotaka kumfanyia. Nilimfunga mdomo mara ya kwanza mbele ya wazee, sasa nataka kumfunga tena kwa jani. Jani nimemtupia mbuzi. Nitakwenda mikono mitupu. Akitaka kunifukuza anifukuze, akitaka kuita watu wa majarubani awaite, hiyo ni haki yake na nimechelewa miaka minane kumpelekea.

Wewe nawe sikufungi. Gari la Prosper litafika kesho saa mbili. Ukilipanda sitakulaani, na ukikaa usikae kwa kunionea huruma. Ila sasa unajua kilichomo kwenye yale mapipa, na unajua utakachokuwa unawafundisha wasichana kumi na wawili. Prosper hana tena neno la kukunong'oneza ambalo hukulisikia kwangu. Akianza, mwambie baba ameshasema.

Nimekupenda kwa namna iliyoleta madhara, mama yangu. Sikuijua nyingine. Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, pengine ni wewe unarudi, pengine ni wao.

Nikichelewa kurudi kutoka Mabogini, usimtume mtu kunitafuta. Yeye alipoondoka hapa, hatukwenda kumtafuta.

Baba yako.